Niondoe RS-485 yote niweke Itheneti, au kuna kitu sijakiona?

Fundi_Mtambo

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijapeleka makadirio kwa meneja siku ya Ijumaa.

Ninasimamia umeme na vidhibiti katika mtambo wa kusafisha maji. Tuna PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo) moja kwenye chumba cha udhibiti, na katika orodha yake vifaa 28 vya kuongea nayo kwa Modbus RTU, lugha ya vifaa vya viwandani, juu ya nyaya za RS-485: mita za umeme 20, inveta za pampu (vidhibiti vya mwendo wa mota) 6 na vipima mtiririko 2. Kila kifaa kinaulizwa rejista 20 (nafasi za namba, baiti mbili kila moja). Laini ni moja tu. Kutoka kwenye PLC upande mmoja unakwenda mita 150 hadi nyumba ya klorini, upande wa pili unakwenda mita 640 hadi nyumba ya pampu za chanzo. Kasi ni biti 9600 kwa sekunde, pariti (biti ya kukagua makosa) ni shufwa.

Shida ni mbili. Ya kwanza, mzunguko mmoja wa kusoma vifaa vyote unachukua karibu sekunde 7, na waendeshaji wanalalamika kwamba skrini inawaonyesha mambo yaliyokwisha kupita. Ya pili ndiyo inayoninyima usingizi: kila pampu kubwa ya chanzo inapowashwa, vifaa vya upande ule vinapotea kwa sekunde kadhaa na kengele zinalia.

Alikuja muuzaji wa vifaa akasema RS-485 imepitwa na wakati, ng'oa yote, weka Itheneti. Sasa mita zangu hazina tundu la Itheneti, maana yake ni kubadilisha zote 20. Ninachoogopa ni kutumia fedha za watu halafu pampu iwashwe na data ipotee vilevile. Kwa vifaa vya viwandani ipi bora, na kwa nini?

Kasi_100M

Mkuu, muuzaji hajakosea. 9600 ukilinganisha na biti milioni 100 kwa sekunde ni tofauti ya zaidi ya mara 10,000. Kwenye RS-485 kila kifaa kinasubiri zamu yake. Kwenye Itheneti PLC inafungua mawasiliano na vifaa vingi kwa wakati mmoja na kila kimoja kinajibu kwa nafasi yake. Tena kifaa kimoja kikiunguza chipu yake kwenye RS-485 kinaweza kulaza laini nzima, wakati kwenye swichi ya mtandao kinakufa peke yake na taa ya tundu lake inakuonyesha ni kipi. Raha ya kutafuta hitilafu kwenye Itheneti huwezi kuilinganisha na kuhangaika na nyaya mbili gizani.

Kama bajeti haipo, basi angalau weka resista za ohm 120 kwenye ncha. Hiyo data inayopotea bila shaka ni mwangwi wa ishara.

Waya_Mbili

Kijana wangu Fundi, usiagize kitu bado. Nina miaka 26 ndani ya paneli, na swali la "seriali au Itheneti" nimelisikia likiulizwa mara nyingi mahali ambapo ugonjwa ulikuwa mwingine kabisa.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. RS-485 ni waya na volti: inasema ishara ipite vipi kwenye jozi ya nyaya. Modbus ni lugha. Lugha hiyo ilitengenezwa na Modicon mwaka 1979, kabla hata kiwango cha RS-485 hakijatoka mwaka 1983, na mwaka 1999 ikavishwa TCP, utaratibu wa mawasiliano ya mtandao, ili ipite kwenye Itheneti. Ukifungua ujumbe wa Modbus TCP utakuta swali ni lilelile: namba ya kazi, rejista ya kuanzia, idadi. Wameondoa zile baiti mbili za CRC (za kukagua makosa) mwishoni, kwa sababu Itheneti ina ukaguzi wake, na mbele wameweka kichwa cha baiti 7. Basi. Kwa hiyo ukihamia Itheneti hupati mita yenye akili zaidi. Unapata njia nyingine ya kuifikia.

Sasa hesabu, maana kasi ya waya inadanganya sana. Kusoma rejista 20: swali ni baiti 8, jibu ni baiti 45, jumla 53. Kwenye waya kila baiti inabeba biti 11, ukihesabu ya kuanzia, ya pariti na ya kufunga. Hizo ni biti 583, ambazo kwa 9600 zinachukua milisekunde 61. Ongeza kimya cha herufi tatu na nusu baada ya kila ujumbe, kama milisekunde 8 kwa safari nzima. Halafu ongeza muda mita yenyewe inaofikiri kabla ya kujibu. Nyingi nilizopima zilitumia milisekunde 20 hadi 50. Weka 30. Unapata karibu milisekunde 100 kwa kifaa. Vifaa 28 ni sekunde 2.8.

Wewe unasema 7. Sekunde zaidi ya 4 zimekwenda wapi? Nijibu haya: katika orodha ya PLC kuna kifaa ambacho hakijibu kabisa? Muda wa kusubiri jibu umewekwa ngapi, na PLC inarudia mara ngapi kabla ya kukata tamaa?

Kuhusu resista, ndugu yangu Kasi, hapa sikubaliani nawe, na naomba Fundi asikimbilie huko. Ishara inasafiri kwenye kebo kwa takriban nanosekunde 5 kwa mita. Mita 640 kwenda na kurudi ni kama mikrosekunde 6.4. Biti moja kwa 9600 ina urefu wa mikrosekunde 104, na chipu inasoma katikati ya biti. Mwangwi umekwisha kutulia zamani. Kwa kasi kubwa, tuseme biti milioni moja kwa sekunde, ungekuwa sahihi kabisa. Kwa 9600 mwangwi hauwezi kungoja pampu iwashwe ndipo ufanye fujo.

Tena kuna hatari. Ukiweka resista mbili za 120 kwenye ncha bila kuweka zile resista za kuvuta laini, moja kwenda volti 5 na nyingine kwenda sifuri, wakati hakuna anayeongea nyaya mbili zinakaa karibu sawa. Chipu inahitaji tofauti ya milivolti 200 ili iwe na uhakika ni moja au sifuri. Laini iliyolala bila uamuzi inashikwa na kila kelele inayopita, na kelele moja ikionekana kama biti ya kuanzia, ujumbe unaofuata unasomwa vibaya. Ukitaka resista za mwisho, weka na za kuvuta, kwa mfano 560 na 560 mahali pamoja tu kwenye laini: zinakupa takriban milivolti 250 wakati wa kimya. Inatosha, ingawa si kwa wingi.

Kwa hiyo nenda kapime. PLC na vifaa vikiwa vimezimwa, pima ohm kati ya waya A na B ukiwa kwenye PLC. Halafu angalia kebo inapita wapi kuelekea chanzo, na wavu wa kinga umefungwa ethi upande mmoja au pande zote mbili. Niambie pia kama kuna waya wa tatu, ule wa kuunganisha sifuri za vifaa.

Fundi_Mtambo

Shikamoo mzee Waya. Nimetoka kupima sasa hivi.

Kwenye orodha ya PLC kuna mita mbili, namba 11 na 12, za pampu mbili tulizoziondoa mwaka jana. Bado zinaulizwa kila mzunguko. Muda wa kusubiri ni sekunde 1, na inarudia mara moja.

Ohm kati ya A na B ni 118. Nimekuta swichi ndogo ya resista imewashwa kwenye PLC yenyewe. Kwenye ncha hakuna kitu.

Kebo ina jozi mbili, tunatumia moja, ya pili imelala bila kazi. Waya wa tatu haujaungwa. Wavu wa kinga umefungwa ethi pande zote mbili. Na kuanzia kwenye vichujio hadi nyumba ya chanzo, kebo imo kwenye trei moja na nyaya za mota.

Waya_Mbili

Marahaba kijana. Umefanya kazi nzuri, na sasa mambo yanaanza kuonekana.

Mita mbili zisizokuwepo, kila moja inasubiriwa sekunde 1, inarudiwa, sekunde 1 tena. Hizo ni sekunde 4 za kuwaita watu waliokwisha hama. Vifaa 26 vilivyo hai ni sekunde 2.6. Jumla 6.6. Hiyo ndiyo sekunde 7 yako. Zifute kwenye orodha. Na usifikiri Itheneti ingekuponya hapa, kwani PLC iliyoandikwa imalize kifaa hiki ndipo iende kingine ingesubiri vilevile anwani isiyojibu.

Kisha panda hadi 19200 kama vifaa vyote vinakubali. Waya utachukua milisekunde 30 badala ya 61, kimya 4, kufikiri kunabaki 30. Kama 65 kwa kifaa, sekunde 1.7 kwa vyote 26. RS-485 inabeba hadi mita 1200 kwa kasi ya karibu biti 100,000 kwa sekunde, kwa hiyo laini yako yenye urefu wa mita 790 kwa 19200 haina tatizo. Angalia pia kwamba ukiendelea kupanda hadi 115200 faida inapungua, maana kinachobaki ni muda wa mita kufikiri, na huo huwezi kuununua kwa kubadilisha waya. Ungekuwepo pia kwenye Itheneti.

Ile resista iliyo kwenye PLC iondoe. PLC yako iko katikati ya laini, haiko mwisho. Hili nimelikuta mara nyingi mno: fundi anaona PLC ndiyo mkuu wa mazungumzo, basi anaihesabu kuwa mwanzo wa kebo. Mwanzo na mwisho ni mahali kebo inapoishia kimwili: nyumba ya klorini na nyumba ya chanzo.

Sasa pampu. Niliwahi kubadilisha kebo nzima ya mita 400 kwa dalili hizihizi. Siku tatu juu ya ngazi. Pampu ilipowashwa, data ikapotea kama jana yake, kwa sababu kebo mpya niliilaza kwenye trei ileile kando ya nyaya za mota, na ethi za majengo mawili sikuzipima. Niliumia sana, kwa kuwa watu waliniamini na fedha zao.

Kwa hiyo pima ethi. Chukua uzi mmoja wa ile jozi isiyo na kazi, upande wa PLC uunge na sifuri ya RS-485 ya PLC. Upande wa chanzo USIUUNGE na kitu. Pima volti za AC kati ya uzi huo na ethi ya paneli ya chanzo. Pima pampu ikiwa imezimwa, halafu mtu aiwashe huku umeitazama mita. Chipu ya RS-485 inavumilia nyaya zake zikiwa kati ya volti −7 na +12 ukilinganisha na sifuri yake. Nje ya hapo haina deni nawe.

Dada_Mtandao

Nawafuatilia kwa karibu, somo hili nalipenda. Mimi ni wa upande wa mtandao, nimefunga Itheneti viwandani kwa miaka kadhaa, kwa hiyo acha niongeze yale ambayo muuzaji pengine hakumwambia Fundi.

Itheneti ya shaba inaishia mita 100. Kwa mita 640 huna njia ya shaba bila kuweka swichi na umeme njiani mara sita, na kila kituo ni mahali papya pa kuharibika. Utatumia faiba. Faiba ya kawaida ya majengo inabeba biti milioni 100 hadi kilomita 2, na haijui ethi wala radi ni nini, kwa kuwa hakuna shaba inayounganisha majengo mawili. Kama mzee Waya atakuta volti nyingi kati ya majengo, hoja ya kutumia Itheneti itakuwa hapo, na ni hoja nzito kuliko ile ya kasi.

Si lazima mita zibadilishwe. Kule mwisho unaweka kigeuzi: upande mmoja Modbus TCP, upande mwingine RS-485 fupi ya ndani ya jengo. Lakini kuwa macho unaponunua, maana viko vya aina mbili na kwa sura vinafanana. Kimoja kinatafsiri kweli. Kingine kinabeba baiti za seriali kama zilivyo ndani ya TCP, na CRC yake humo humo. PLC yako ikiongea Modbus TCP na hiki cha pili, utaona mawasiliano yanafunguka vizuri kabisa lakini jibu halirudi, na utapoteza siku nzima ukitafuta hitilafu kwenye kebo. Soma karatasi ya kifaa, ihakikishe inataja ubadilishaji wa Modbus TCP kwenda RTU.

Muda wa kusubiri wa kigeuzi uwe mfupi kuliko wa PLC. Ukiwa mrefu, PLC itakata tamaa na kuuliza swali jipya wakati kigeuzi bado kinangoja jibu la zamani, na foleni itajaa. Namba ya kifaa ile ya 1 hadi 247 usiitupe. Inaingia kwenye baiti ya mwisho ya kile kichwa cha baiti 7, ndiyo inayomwambia kigeuzi amwulize nani.

Na jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito, maana maji hayo wanakunywa watu. Modbus TCP inasikiliza kwenye bandari 502 bila nywila, bila kuuliza wewe ni nani. Leo mtu anayetaka kubadilisha mwendo wa inveta yako lazima afungue paneli aguse waya. Siku utakapochomeka swichi hiyo kwenye mtandao wa ofisi, mwenye laptopu yoyote kwenye mtandao huo anaweza kuandika rejista hiyo akiwa amekaa mezani. Swichi za mtambo zikae peke yake, na kama data lazima ifike ofisini, ipite kwenye ngome-moto (kifaa cha kuchuja mawasiliano) inayoruhusu kusoma kutoka anwani moja tu. Hili lifanyike siku ileile ya kufunga, lisiahirishwe.

Kasi_100M

Mzee Waya, hesabu ya mwangwi nimeirudia mwenyewe, uko sahihi, nilikuwa nabeba mazoea ya laini za kasi kubwa. Fundi, samahani. Bado nasimama kwenye moja: zile inveta 6 zikiwa na Itheneti utaweza kuzisoma na kuziwekea vigezo ukiwa chumba cha udhibiti, badala ya kutembea na kebo hadi kila paneli. Hilo lifikirie kwa siku za mbele.

Fundi_Mtambo

Nimerudi. Siku mbili zimepita.

Nimefuta mita 11 na 12: mzunguko umeshuka kutoka 6.8 hadi 2.7. Nimepandisha vifaa vyote hadi 19200, kazi ya nusu siku kwa sababu kila mita inawekwa kwa vitufe vyake: sasa ni 1.8. Waendeshaji wamefurahi, wanadhani nimebadilisha PLC.

Ethi: pampu ikiwa imezimwa, volti 1.5 za AC kati ya majengo. Pampu ikiwashwa, mita iliruka hadi 14, ikakaa hapo kwa muda uleule vifaa vinapopotea, kisha ikashuka. Nimerudia mara nne. Niunge huo waya wa tatu?

Waya_Mbili

Hapana, usiuunge hivyohivyo. Volti 14 za AC kileleni zinafika karibu 20, kwa hiyo chipu zako zinatupwa nje ya mipaka kila pampu inapoanza; ajabu ni kwamba hazijaungua. Lakini ukiunga waya mwembamba kati ya ethi mbili zenye tofauti hiyo, mkondo utapita humo, kama ambavyo sasa hivi unapita kwenye wavu wa kinga uliofungwa pande zote mbili. Wavu huo ufungue upande wa chanzo leo. Volti hizo pia mwonyeshe anayehusika na umeme mkubwa, kwa sababu ethi ya jengo lile inahitaji kuangaliwa kwa ajili ya usalama wa watu, mbali na habari ya data.

Kwa laini yako dawa ni kutenganisha. Ama kirudishi cha RS-485 chenye utengano (kinapokea ishara na kuituma upya bila kuunganisha umeme wa pande mbili) mlangoni mwa nyumba ya chanzo, ama faiba aliyoisema Dada. Azima kirudishi popote ukijaribu kwanza. Kikiponya, una ushahidi mkononi.

Fundi_Mtambo

Nimeazima kirudishi, nimekifunga jana asubuhi, wavu nimeufungua upande wa chanzo. Pampu kubwa imewashwa mara 11 tangu hapo. Hakuna kifaa kilichopotea hata mara moja.

Makadirio niliyopeleka leo: faiba ya mita 640 hadi chanzo, swichi mbili, kigeuzi kimoja kinachotafsiri, ngome-moto moja, na ukaguzi wa ethi ya jengo la chanzo. Upande wa klorini unabaki RS-485, na mita za umeme zilizopo hazibadilishwi. Meneja ameniuliza kwa nini faiba, nikamwonyesha picha ya mita ikisoma 14.